MTAALAMU WA WADUDU HUTAZAMA KWANZA

Wewe mkulima, ukipasua bua la hindi lililonyauka utamkuta funza ndani yake. Pengine kando ya funza aliyekufa utaona vitu vyeupe vidogo, mfano wa punje za mchele, vimeshikana pamoja. Watu wengi huvisaga kwa kisigino wakidhani ni mayai ya adui. Sivyo! Hivyo ni vifuko vya nyigu mdogo sana, na nyigu huyo ni kibarua wako asiyedai mshahara.

Jambo hili limejulikana kwa sababu wako watu ambao kazi yao ni kuwachunguza wadudu. Huenda umemwona mmoja wao akipiga magoti katikati ya mahindi ukadhani amepoteza kitu. Hakupoteza kitu. Anatafuta.

Kazi yake ya kila siku

Asubuhi huingia shambani kukiwa bado na umande. Ana kisu, kibano, chupa ndogo na kitabu cha kuandikia. Hapiti haraka. Huchagua mimea huku na huku, na kufunua jani pale linapolikumbatia bua, kwa maana huko ndiko nondo, yule kipepeo wa usiku, hutaga mayai yanayozaa funza. Huyahesabu, huandika tarehe, kisha hukata mabua machache na kuondoka nayo.

Akifika kwenye chumba chake cha kazi huwatia funza katika chupa, huwapa chakula, na kuwatazama kila siku. Funza mmoja atanenepa, atalala katika ganda lake, na mwisho atatoka nondo. Mwingine ataacha kula. Baada ya muda vibuu vidogo vitatoboa ngozi yake, vitatoka nje, na kila kimoja kitafuma kifuko chake cheupe. Humo hutoka nyigu wadogo weusi. Mama yao alimfuata funza ndani ya tundu lake, akamchoma, akamtilia mayai mwilini. Mtaalamu huyaona haya mara nyingi, wala hachoki. Hukaa mbele ya chupa zake kama mzee aliyenogewa na bao.

Usiku ukiingia, kazi haijaisha. Hutundika shuka nyeupe, huwasha taa mbele yake, na kuandika ni nondo gani waliokuja na wangapi.

Profesa Odhiambo wa Kenya

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Profesa Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Makerere, kisha Cambridge huko Uingereza, ambako alichunguza mwili wa nzige. Aliona kwamba wadudu wanaowasumbua Waafrika yafaa wachunguzwe hapa Afrika, na Waafrika wenyewe. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE mjini Nairobi, kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa wadudu. Alifariki mwaka 2003. Kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, leo kina jina lake.

Faida ya kutazama kwa subira imeonekana. Aina moja ya funza wa mahindi ilitoka Asia, na adui zake wakabaki huko. Mwaka 1993 wataalamu wa ICIPE waliachilia Pwani ya Kenya nyigu aliyeletwa kutoka Pakistan. Nyigu huyo alizoea nchi, akaenea.

Huko Mbita, Profesa Zeyaur Khan na wenzake walipanda nyasi za aina nyingi ili wajue nondo anapenda nini na anachukia nini. Ndipo ukapatikana mpango wa Sukuma-Vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humsukuma nondo. Kuzunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya mabingobingo, ambayo humvuta. Nondo hutaga humo, lakini funza wakianza kutoboa, nyasi hutoa utomvu wa kunata na wengi wao hufa. Tena desmodiamu huzuia kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Huongeza rutuba ya udongo. Nayo pamoja na mabingobingo ni chakula cha ng'ombe.

Na wewe ufanye nini?

Mahindi yako ndiyo chakula cha nyumba na karo ya watoto, kwa hiyo usingoje hasara. Tangu mimea ikiwa michanga, pita shambani mara kwa mara. Ukiona matundu madogo kwenye majani ya katikati, au moyo wa mmea umekauka, funza yumo. Ukiona vile vifuko vyeupe, viache.

Usikimbilie dawa bila kumwuliza afisa wa kilimo. Funza akishaingia ndani ya bua dawa haimfikii vema, bali nyigu aliye nje hufa.

Ukiisha kuvuna, usiyaache mabua yamesimama hadi mvua zijazo, kwani funza hujificha humo akingoja mvua. Walishe ng'ombe, au uyalaze chini juani.

Waonyeshe watoto vifuko hivyo vyeupe, nao wavijue. Macho yao ni makali kuliko yako, na mdudu akitokea shambani huenda wao ndio watakaomwona kwanza.