JUKWAA NI NINI?

Ndugu msomaji, neno jukwaa umelisikia mara nyingi. Je, unajua maana yake?

Jukwaa ni mahali palipoinuliwa. Lina kazi mbili. Kwanza, ni mahali anaposimama mtu wa kutazamwa: mwigizaji, mcheza ngoma au msemaji. Pili, ni mahali wanapokaa watazamaji. Katika viwanja vya mpira, wachezaji wako chini na watazamaji wako juu jukwaani. Wageni rasmi hukaa jukwaa kuu. Kazi zote mbili zina shabaha moja: watu waone bila kuzibwa.

Wazee wetu wa Masasi na Newala walicheza sindimba bila jukwaa. Watu walizunguka duara. Katika duara hakuna mbele wala nyuma. Ngoma ikipandishwa jukwaani, duara hufunguka. Wachezaji huelekea upande mmoja tu. Kwa hiyo kukaa kwa watu hubadili hata ngoma yenyewe.

Sasa fikiria mikutano yetu hapa Nanganga. Mara nyingi viti vya wageni hupangwa mbele. Akina mama husimama nyuma na watoto mgongoni. Bwana shamba anaonyesha namna ya kupuliza salfa kuzuia ubwiri unga kwenye mikorosho. Mama huyo anaona migongo ya watu tu. Akirudi shambani, atapuliza kwa kubahatisha. Dawa itapotea, maua yatakauka, na korosho zitakuwa chache. Hasara hiyo ilianzia kwenye mpango wa kukaa.

Ndugu msomaji, fanyeni hivi:

1. Chagueni mahali penye mteremko. Mwonyeshaji asimame chini, watu wakae juu. Mteremko huo ndio jukwaa lenu.

2. Kama uwanja ni tambarare, kaeni nusu duara. Wa mbele wakae mkekani, wanaofuata kwenye mabenchi, na wa mwisho wasimame.

3. Salfa ikipulizwa, kaeni upande unakotoka upepo, tena mbali kidogo.

4. Wageni wapewe viti pembeni. Heshima yao haipungui.

5. Kabla ya kuanza, muulizeni aliye nyuma kabisa: "Unaona?" Akisema hapana, pangeni upya.

MASWALI YA KUJADILI
Jukwaa lina kazi gani mbili?
Katika mkutano wenu uliopita, nani hakuona? Kwa nini?