Mizani ya Mwokaji wa Nyumbani

Uokaji wa mkate, keki au maandazi ni kazi ya uwiano, yaani ya kiasi cha kitu kimoja kikilinganishwa na kiasi cha kingine, na anayetaka mkate wa leo ufanane na ule wa juma lililopita hana budi kuhakikisha kwamba uwiano wa unga, maji, chumvi na hamira haukubadilika baina ya siku hizo mbili. Kikombe, ambacho ndicho kipimo kilichozoeleka katika majiko mengi, hakimpi uhakika huo, kwa sababu hupima ujazo, yaani nafasi inayochukuliwa na kitu, na unga ni kitu ambacho hukubali kushindiliwa na kupepetwa kadiri mkono unavyotaka. Unga wa ngano uliochekechwa na kumiminwa polepole hujaza kikombe cha kipimo cha Marekani kwa gramu 120 hivi, lakini unga uleule ukichotwa kwa kuzamisha kikombe mfukoni na kukigongagonga waweza kufika gramu 150, kiasi kwamba mapishi ya vikombe 4 huongezewa kikombe kizima cha unga bila mwokaji kufahamu, na keki iliyotarajiwa kuwa laini ikatoka kavu huku lawama zikielekezwa kwa tanuri.

Vikombe vyenyewe navyo havilingani. Cha Marekani hubeba mililita 237, cha Australia mililita 250, na kikombe cha chai kilichomo kabatini hakina kiwango chochote isipokuwa kile alichokipenda mfinyanzi wake. Mapishi mengi yanayosambaa leo katika intaneti yamefuata desturi ya Marekani, ambayo ilipewa nguvu na mwalimu wa upishi Fannie Farmer katika kitabu chake cha mwaka 1896, aliposisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe juu kwa kisu badala ya kuachwa na kilima. Kwa wakati wake hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele, kwani vitabu vingi vilivyomtangulia vilitaja vipimo visivyo na ukomo unaojulikana. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa upande wao, walikuwa na vipimo vya aina zote mbili tangu zamani: nafaka ilipimwa kwa kibaba na kwa pishi, ambayo ni vibaba 4, na hivyo vilikuwa vipimo vya ujazo, ilhali kwa ratili na frasila walipima uzito, na kila bidhaa ikawa na kipimo chake.

Waokaji wa kazi huandika mapishi yao kwa asilimia za unga, utaratibu ambao unga wote huhesabiwa kuwa 100 na kila kiambato kingine hutajwa kwa kulinganishwa nao. Mkate wa kawaida wenye gramu 500 za unga, gramu 300 za maji, gramu 10 za chumvi na gramu 5 za hamira ya chenga huandikwa kuwa ni maji 60, chumvi 2 na hamira 1, na anayetaka kukanda kilo moja na robo ya unga kwa ajili ya wageni hana haja ya kubahatisha, kwa kuwa maji yatakuwa gramu 750, chumvi 25 na hamira 12 na nusu. Hesabu hii haiwezekani kwa vikombe. Inahitaji mizani, na ndipo swali la kuchagua mizani gani linapoanza.

Mizani za kidijitali zinazouzwa madukani zina maumbo mengi, lakini ndani yake karibu zote zimejengwa kwa njia moja. Chini ya sahani hulala kipande cha alumini, chenye tundu katikati, kilichofungwa kwa skrubu upande mmoja kwenye kitako na upande wa pili kwenye sahani, na mzigo unapowekwa juu kipande hicho hupinda kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kuonekana kwa macho. Juu ya sehemu zinazopinda zimegandishwa nyuzi nyembamba za metali zilizokunjwakunjwa, na kila uzi unaponyooshwa huwa mrefu na mwembamba zaidi, hivyo ukinzani wake, yaani ile hali ya kuzuia umeme usipite kwa urahisi, huongezeka, na unapobanwa ukinzani hupungua. Vihisio hivi vilibuniwa nchini Marekani mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake, Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts. Nyuzi huunganishwa kwa mpango wa saketi ambao huchuja tofauti ndogo kabisa ya umeme, chipu huigeuza tofauti hiyo kuwa tarakimu, na tarakimu ndiyo inayosomwa kwenye kioo.

Kutokana na muundo huo hufuata jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mizani ya zamani ya sahani mbili na mawe ya chuma hulinganisha mzigo na jiwe, na kwa kuwa vyote viwili huvutwa na dunia kwa nguvu ileile, jibu lake ni lilelile popote iwekwapo. Mizani ya kidijitali hailinganishi na kitu; hupima kani, yaani nguvu ambayo mvutano wa dunia huushushia mzigo, na nguvu hiyo haiko sawa kila mahali, bali hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta na kadiri anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari. Mizani iliyorekebishwa London, ikipelekwa Nairobi bila kuguswa, itasoma kilo moja kamili kuwa pungufu kwa karibu gramu 4. Baadhi ya mizani zina njia ya kurekebishwa upya kwa jiwe la uzito unaojulikana, na huo ni ubora unaostahili kulipiwa, hasa kwa anayepima vitu kwa ajili ya wengine.

Hata hivyo, mwokaji hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya gramu hizo 4, na hapa ndipo ilipo hoja kuu ya uchaguzi wote. Mizani ikipunguza kila kitu kwa sehemu ileile ya elfu, unga, maji, chumvi na hamira vyote vimepungua pamoja, uwiano umebaki ulivyokuwa, na mkate hautajua. Kinachouharibu mkate ni mizani isiyo thabiti, ile inayosoma gramu 503 sasa na gramu 497 baada ya dakika kwa bakuli lilelile ambalo halikuguswa. Uthabiti, yaani uwezo wa kurudia jibu lilelile kwa mzigo uleule, ndio sifa ya kwanza ya mizani ya jikoni, na ni sifa ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Kinachoandikwa kwenye boksi ni hatua ya usomaji, yaani tofauti ndogo kabisa ambayo kioo kinaweza kuionyesha, nayo aghalabu ni gramu 1. Wanunuzi wengi hudhani kwamba hatua ndogo ni ushahidi wa usahihi, ilhali kioo kinaweza kuonyesha sehemu za kumi za gramu na tarakimu zote zikawa si za kweli. Kwa unga, hatua ya gramu 1 inatosha kabisa, kwa kuwa gramu 1 katika gramu 500 ni sehemu moja ya mia tano. Kwa hamira hali ni tofauti. Mapishi yanayochachuliwa usiku kucha huenda yakahitaji gramu 1 tu, na mizani ya hatua ya gramu 1 inapoonyesha 1 kiasi halisi kinaweza kuwa nusu gramu au gramu moja na nusu, na anayetumia kiasi cha pili ametia hamira mara tatu ya yule aliyetumia cha kwanza, ingawa wote wawili wamesoma tarakimu moja. Kwa hiyo anayechagua mizani na aanze kwa kutazama kiambato kidogo kuliko vyote katika mapishi anayoyapenda, si kile kikubwa.

Suluhisho la kawaida ni kuwa na mizani mbili: kubwa ya unga na maji, na ndogo ya mfukoni, ya aina inayotumiwa na masonara, yenye hatua ya sehemu ya kumi au ya mia ya gramu na ukomo wa gramu mia chache. Asiye na uwezo wa kununua ya pili anaweza kutumia maji kama mgawanyaji. Akikoroga gramu 10 za hamira katika gramu 190 za maji, kila gramu 20 za mchanganyiko huo zitabeba gramu 1 ya hamira, mradi amekoroga vizuri, amepima mara moja kabla hamira haijatuama, na maji hayo ameyatoa katika hesabu ya maji ya donge.

Ipo hila nyingine ya mizani inayowasumbua wengi bila wao kujua chanzo chake. Ili kioo kisichezecheze wakati sahani haina kitu, chipu imefundishwa kuyahesabu mabadiliko madogo yanayojitokeza polepole karibu na sifuri kuwa ni upepo au joto, na kuyafuta. Mtu anayenyunyiza chumvi chembe kwa chembe huweza kuona sifuri imesimama palepale huku chumvi ikiongezeka. Dawa yake ni kumimina kwa mkupuo, au kukiweka kiambato katika kikombe kidogo pembeni, kukijaza kadiri inayokisiwa, na kisha kukirudisha juu ya sahani ili mizani ione mzigo wote kwa pamoja.

Uthabiti unaweza kujaribiwa dukani hapohapo, bila jiwe la kupimia, na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Kitu kizito kama pakiti ya sukari huwekwa katikati ya sahani na kuondolewa mara kadhaa, na tarakimu zikitofautiana kwa zaidi ya gramu moja mizani hiyo haifai. Kisha husogezwa kwenye kila pembe, kwa sababu mizani hafifu husoma tofauti mzigo ukikaa kando, na jikoni bakuli halikai katikati kila mara. Jaribio la tatu ndilo bora zaidi: vitu viwili hupimwa kila kimoja peke yake, kisha vyote pamoja, na jumla ya usomaji wa kwanza na wa pili lazima ilingane na ule wa tatu. Nyumbani, bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, likijazwa maji na kumiminwa katika kikombe kilichokwisha kuwekwa juu ya sahani, litatoa karibu gramu 10, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Maziwa hukaribia hapo, lakini mafuta ya kupikia ni mepesi na asali ni nzito zaidi, na ndiyo maana kitufe cha mililita kilichopo kwenye mizani nyingi, ambacho kwa kweli hupima uzito na kubadilisha jina tu, hakistahili kuaminiwa kwa kitu kingine zaidi ya maji.

Yaliyobaki ni mepesi. Ukomo wa kilo 5 unatosha kwa familia, ikikumbukwa kwamba bakuli la kioo nalo linaweza kula zaidi ya kilo moja ya ukomo huo, na kwamba mzigo uliopita kiasi hupindisha kipande cha alumini moja kwa moja. Sahani iwe pana na kioo kisifunikwe na sinia. Vitufe vya kubonyeza huvumilia vidole vyenye unga kuliko vile vya kugusa. Mizani inayojizima baada ya dakika mbili humtesa anayekanda polepole, kwani hesabu yote hupotea. Betri ndogo za penseli hupatikana katika kila duka la mtaa, tofauti na zile bapa kama sarafu, na betri inapokaribia kuisha tarakimu huanza kuyumba. Feni inayovuma juu ya meza na sufuria yenye moto huleta kuyumba kulekule.

Kitufe chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile kilichoandikwa TARE, neno ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kinachotupwa au kutolewa. Kazi yake ni kutoa uzito wa chombo na kurudisha sifuri, ili unga, maji na sukari viingie katika bakuli moja kimoja baada ya kingine bila kuchafua vyombo vingine. Kwa mkate wa kumimina, ambao tui lake huongezwa kidogo kidogo hadi mchele uliosagwa ufikie ulaini unaotakiwa, mpishi anaweza kurudisha sifuri kabla ya kuanza na kuandika tui lililoingia, na ujuzi uliokuwa mkononi mwake ukawa na tarakimu ambayo binti yake ataweza kuifuata.

Anayevuka kutoka kuoka kwa ajili ya familia na kuanza kuuza anaingia katika sheria nyingine. Mizani inayotumika kuuzia kwa uzito, nchini Tanzania chini ya Wakala wa Vipimo na vilevile nchini Kenya, lazima ikaguliwe na kuwekewa alama ya serikali, na nyingi za jikoni hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hapo zile gramu 4 za mvutano wa dunia, ambazo mkate haukuzijali, zinakuwa haki ya mnunuzi. Mwokaji huyo pia hujifunza kwamba donge na mkate si uzito mmoja, kwa kuwa maji hutoka kama mvuke ndani ya tanuri na kuondoka na sehemu ya kumi au zaidi ya uzito, hivyo mkate unaoandikwa gramu 400 hukatwa kutoka katika donge la gramu 450 hivi, na hupimwa tena ukiisha kupoa.