Mlango Unaofungwa kwa Usalama Usije Ukawa Mtego

Katika shule nyingi za malazi, mlango wa bweni hufungwa kwa kufuli kutoka nje wanafunzi wanapolala, na madirisha huwekewa vyuma. Sababu zinazotolewa ni za nia njema: wezi wasiingie na wanafunzi wasitoroke usiku. Lakini moto ukizuka, kufuli hilo na vyuma hivyo huwazuia watoto kutoka.

Kenya imelipia funzo hili kwa maisha ya watoto wake. Machi 1998, wasichana 26 walifariki katika bweni la shule ya upili ya Bombolulu, Kaunti ya Kwale. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili, wanafunzi walikuwa wamejaa bwenini, kulikuwa na mlango uliofungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017, wanafunzi 10 walifariki katika shule ya wasichana ya Moi jijini Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 walipoteza maisha katika Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, katika bweni lililokuwa makao ya watoto zaidi ya 150.

Chanzo cha moto hutofautiana kutoka mkasa mmoja hadi mwingine. Huenda ikawa hitilafu ya umeme, mshumaa au mtu aliyewasha kusudi. Hata hivyo, mambo yanayoongeza idadi ya vifo hujirudia, na mengi huonekana mchana kweupe kabla ya moto kuwaka.

KUKAGUA HATARI NI NINI?

Kukagua hatari ni kutembea katika jengo kwa makini na kujiuliza maswali matatu. Kwanza, ni kitu gani hapa kinachoweza kuumiza mtu? Pili, kitamuumiza nani, kwa kiasi gani, na kuna uwezekano gani wa kutokea? Tatu, kinga iliyopo inafanya kazi, au inaleta hatari nyingine?

Swali la tatu ndilo husahaulika. Kufuli la nje huzuia mwizi ambaye huenda asifike mwaka mzima, lakini humfungia mtoto kila usiku. Mwizi azuiliwe mbali na kitanda cha mtoto: kwa ua imara, taa za nje na bawabu anayezunguka. Mlango wa bweni uwe na komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo.

Baada ya kuorodhesha hatari, hatua hupangwa kwa utaratibu. Bora zaidi ni kuiondoa hatari yenyewe, kwa mfano kuhamisha petroli ya jenereta kutoka stoo inayopakana na bweni. Ikishindikana, watu watenganishwe nayo. Kanuni na mabango hufuata, na vifaa kama mitungi ya kuzimia moto huja mwisho. Mtungi ni muhimu, lakini hauwezi kuokoa bweni lililojaa watu na kufungwa.

KIPIMO CHA BWENI

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaeleza mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyapima kwa macho na utepe:

• Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2.
• Milango iwe na upana wa angalau futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani.
• Kuwe na mlango kila upande wa bweni, na mlango wa dharura katikati.
• Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi.
• Mitungi ya kuzimia moto iwekwe kwenye kila njia ya kutokea.

Novemba 2024, Wizara ya Elimu ilitangaza kufungwa kwa mabweni ya shule za msingi 348 zilizokosa kutimiza viwango. Mzazi asisubiri tangazo kama hilo. Siku ya kumpeleka mtoto shuleni ni haki yake kuomba kuona mahali atakapolala, na kuuliza zoezi la kuondoka wakati wa moto lilifanywa lini mara ya mwisho.

SI MOTO PEKE YAKE

Februari 2020, wanafunzi 14 walifariki katika shule ya msingi ya Kakamega walipokuwa wakishuka ngazi kutoka madarasani. Hakukuwa na moto. Watoto walikanyagana. Kila jengo linalotumiwa na watu wengi, likiwemo soko, zahanati, ukumbi au nyumba ya ibada, linahitaji njia za kutokea zinazolingana na idadi ya watu. Njia hizo zisigeuzwe stoo ya viti vilivyovunjika na magunia.

Kazini nako, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutathmini hatari na kufanya ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Mfanyakazi anayeona mlango wa nyuma wa karakana umefungwa kwa kufuli wakati wa zamu ya usiku ana mahali pa kulifikisha jambo hilo.

VITISHO VYA MANENO

Hatari nyingine hutoka kwa watu. Katikati ya mwaka 2016, zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na visa vya moto, na vingi vilihusishwa na wanafunzi. Mara nyingi kabla ya kisa kama hicho huwa kuna minong'ono, vikaratasi au malalamiko ambayo hayakusikilizwa.

Tishio linapotajwa, lisipuuzwe wala lisijibiwe kwa viboko. Mwalimu au msimamizi achunguze ni nini hasa kilichosemwa, nani alisikia, kuna mpango au vifaa, na ni jambo gani linalomsumbua aliyesema. Anayetoa habari alindwe, kwani mtoto akishaitwa msaliti mbele ya wenzake, hakuna mwingine atakayesema.

NANI AWAJIBIKE?

Katiba imeipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za zima moto na kukabili majanga, pamoja na elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mgawanyo huo haumwondolei yeyote wajibu. Bodi ya usimamizi ya shule inaweza kuwaalika maafisa wa zima moto wa kaunti wakague majengo kabla hatari haijatokea.

Ni vyema pia kusema ukweli: gari la zima moto linatoka kituoni, na barabara ya kijijini huenda ikawa mbovu. Moshi huweza kuua kabla ya moto wenyewe kufika. Katika dakika za kwanza, kinachookoa ni mlango unaofunguka, njia iliyo wazi, na watoto waliofunzwa kuinama chini ya moshi, kutoka, na kukusanyika mahali pa kuhesabiwa.

Kwa dharura, wakazi wapige simu 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu linapatikana kwa 1199. Mtoto aliye hatarini, au anayejua tishio na anaogopa kulisema shuleni, anaweza kupiga 116 bila malipo.