Usitoroke: Siku ya Kwanza ya Mtoto Kwenye Darasa la Kuchora

Likizo iliyopita nilifanya kosa ambalo mtu anayesomea ualimu hakupaswa kulifanya. Dada yangu aliniomba nimpeleke mwanawe wa miaka minne kwenye darasa la kuchora la Jumamosi, kule Nshambya, Bukoba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuachwa mahali bila mama wala mtu mwingine wa nyumbani. Tulipofika akaning'ang'ania gauni. Mwalimu akaninong'oneza, "Akishashika rangi tu, wewe ondoka, asikuone." Nami nikatii. Alipoinamia karatasi nikanyata hadi nje kama mwizi wa kuku, nikapanda bodaboda, nikaenda zangu sokoni.

Niliporudi hakuwa analia. Mwalimu akasema, "Ametulia kabisa, mtoto mzuri." Lakini karatasi yake ilikuwa tupu, na macho yake yalikuwa mlangoni. Wiki nzima iliyofuata sikuweza hata kwenda chooni bila kufuatwa: "Ma'mdogo, unaenda wapi?" Hapo ndipo nilipofungua tena notsi za saikolojia ambazo, tuseme ukweli, nilizisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Somo lililoanzia jirani

Wengi wetu tunadhani nadharia ya mtoto kushikamana na mzazi ni mambo ya Wazungu wa mbali. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye awali alifanya kazi na John Bowlby London, aliishi Uganda, akawa anatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Yaani ng'ambo ya Mutukula tu, kwenye migomba kama ya kwetu. Alikaa majumbani, akaangalia akina mama na watoto wachanga, akaandika alichokiona. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka mwaka 1967.

Aliona jambo ambalo bibi zetu wangelikubali bila chuo. Mtoto mwenye uhakika na mtu wake ndiye anayethubutu kutambaa mbali, kushika vitu, kuchungulia wageni, kisha kurudi. Mtoto asiye na uhakika huo anang'ang'ania, hata akiwa mapajani. Mama ni kama gati. Mtumbwi unaingia ziwani kwa sababu gati lipo na litakuwepo jioni.

Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, Ainsworth aliliendeleza wazo hilo kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, ambamo mama alimwacha mtoto kwa dakika chache kisha akarudi. Kilichomfundisha zaidi hakikuwa kilio cha kuachwa. Alitazama mama anaporudi: je, mtoto anamfuata, anatulia, anarudi kucheza? Baadhi ya watoto walionyesha kama hawajali, na wala hawakumkimbilia mama. Kwa hiyo "hakulia" haitoshi kutuambia kwamba mambo ni shwari. Mimi na yule mwalimu tuliisoma karatasi tupu vibaya.

Kwa nini kutoroka kunaharibu

Hofu ya kuachwa huanza kuonekana mtoto akiwa na miezi kama minane, na kwa kawaida hupungua kadiri anavyokaribia miaka mitatu. Lakini mahali pageni panaweza kuirudisha hata kwa wa miaka minne. Ukitoroka, mtoto hajifunzi kwamba darasa ni salama. Anajifunza kwamba watu hupotea ukiinama kuchora. Sasa nani atainama tena?

Kuaga kunaweza kuleta kilio, ni kweli. Lakini kilio cha mtoto aliyeagwa kina mwisho, kwa sababu ameambiwa utarudi lini. Na saa ya mtoto si saa ya ukutani. "Nitarudi saa tano" kwake ni maneno matupu. Sema, "Mtachora, mtanawa mikono, mtakunywa uji, halafu mimi huyo." Kisha urudi kweli, uji ukiisha. Ukichelewa kwa sababu ya mvua ya Bukoba, yeye hajui mvua; anajua ulidanganya.

Kwa nini kuchora kunasaidia

Darasa la kuchora, likiendeshwa vizuri, ni mahali pema pa kuanzia. Mikono ina kazi, na hakuna jibu la kukosa. Halafu kuna karatasi ya kurudi nayo nyumbani, ya kumwonyesha mama kilichotokea yeye asipokuwepo.

Nimesema likiendeshwa vizuri. Viktor Lowenfeld, kwenye kitabu chake cha mwaka 1947, alieleza kwamba watoto hupitia hatua. Kwanza mistari ya kuzungushazungusha tu, kisha, kwenye miaka mitatu au minne, yule mtu maarufu mwenye kichwa kilichoota miguu. Huko si kukosea. Ndipo alipofika. Sasa sisi tunafanya nini? Tunachora nyumba ubaoni, pembetatu juu ya mraba, tunawaambia wanakili. Mtoto mgeni anayeogopa anapewa sababu nyingine ya kuogopa: kushindwa.

Hili linatuhusu. Sera ya Elimu ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mtaala wa awali wa 2016 ukaweka stadi za kisanii kati ya umahiri wake mkuu. Wengi wetu tutapangiwa madarasa hayo, pengine na watoto wengi kuliko madawati. Hata hivyo mambo ya msingi hayahitaji bajeti. Mkaa unachora. Udongo mwekundu ukichanganywa na maji ni rangi. Badala ya "Hii ni nini?", sema "Niambie habari za mchoro wako." Mpokee mtoto mlangoni kwa jina lake. Mruhusu abaki na kitu cha nyumbani, hata kipande cha kanga ya mama. Na mzazi akitaka kunyata, mzuie: "Dada, muage kwanza."

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mwalimu, kwa heshima zote, kwamba leo nitaaga. Nikachuchumaa, nikamwambia habari ya uji, nikaondoka akiniona. Alilia. Nilimsikia hadi barabarani, na miguu ilikuwa mizito kwelikweli. Niliporudi vikombe vilikuwa bado vinakusanywa. Akaja mbio, karatasi mkononi, imejaa mizunguko ya rangi nyekundu. Nikamwambia anieleze habari zake.

"Sio yako," akasema. "Ni ya mama."

Akaikunja, akaishika hadi nyumbani. Kwenye bodaboda hakuuliza tunaenda wapi.