Mbao, chuma au vyote viwili?

Uingereza ya miaka ya 1870 ilihitaji manowari ndogo za kukaa miaka bahari za mbali, zikienda kwa moshi na kwa matanga. Kazi hiyo walipewa akina Doterel, vyombo vya urefu wa mita 52 hivi. Je, fedha ya kuviunda ilitumika vizuri?

Kwanza kiwiliwili. Mbao tupu mafundi walizizoea: manowari Daphne, iliyovizia majahazi ya watumwa pwani ya Unguja, ilikuwa ya mbao. Lakini mtikisiko wa injini hulegeza mbao, na maji yakapenya. Chuma kitupu ni imara, ila katika maji ya joto huota mwani na chaza mpaka chombo kikawa kizito kama kimefungwa jiwe. Dawa yake ni kukiingiza gudi, na bandari ngapi zilikuwa na gudi? Shaba huwafukuza viumbe hao. Ibandike juu ya chuma, basi ndani ya maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholiwa.

Akina Doterel wakapewa mataruma ya chuma, juu yake mbao za msaji, na nje kabisa shaba. Ubao ndio uliotenganisha chuma na shaba visigusane. Hapo ndipo ningeweka pesa yangu bila kusita.

Makaa ya mawe ndiyo yaliyokula fedha. Tani 150 ziliifikisha manowari maili 1,480 za baharini kwa kasi ya noti 10, takriban siku sita. Kutoka Unguja hadi Aden hazitoshi! Nahodha aliyejua hesabu alisafiri kwa upepo wa kusi au kaskazi, makaa akiyawekea shwari, vita na kuingia bandarini. Gharama ya matanga ni mikono: mabaharia wengi wa kupanda milingoti, nao wanataka chakula na mshahara. Hata hivyo, kwa safari ndefu, ningechagua mikono.

Kiwiliwili kizuri hakikingi kila ajali. Doterel yenyewe ililipuka Punta Arenas, Chile, mwaka 1881, ikaua watu 143. Dada yake Gannet, iliyozinduliwa Sheerness mwaka 1878, ilipigana Suakin, Sudan, mwaka 1888, baadaye ikawa chombo cha kufunzia vijana ubaharia, na hadi leo imesimama Chatham, milingoti na dohani juu ya sitaha moja.