"Ndiyo", "Hapana" na Kisanduku cha Uthibitisho

Mtumiaji wa kompyuta anapofunga waraka asiouhifadhi, programu humtolea kisanduku kidogo chenye swali na vitufe viwili au vitatu. Tangu Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipotolewa mwaka 2004, mijadala ya programu za Kiswahili imeelemea mno upande wa istilahi. Lakini tatizo la kisanduku hiki ni la sarufi kwanza.

Katika Kiswahili, "ndiyo" huafiki kauli iliyomo katika swali, iwe yakinishi au kanushi. Aulizwaye "Je, hutaki kuhifadhi mabadiliko?" akajibu "ndiyo", amekiri kwamba hataki. Katika Kiingereza, mwenye nia hiyohiyo hujibu kwa neno la kukana. Basi swali kanushi likitafsiriwa huku mantiki ya vitufe ikibaki ya Kiingereza, atakaye kuhifadhi hubonyeza "Hapana", na kazi yake ya asubuhi nzima hupotea. Hakuna neno hata moja lililotafsiriwa vibaya.

Tatizo la pili ni kitenzi "futa". Watu hufuta ubao, hufuta jina katika orodha, na hufuta mkutano pia. Kikitumika kwa kuondoa faili na kwa kuacha tendo lililokwisha kuanza, kisanduku kiulizacho "Je, ufute faili hili?" chaweza kuwa na kitufe cha "Futa" kinacholinusuru. "Ghairi" hufaa zaidi kwa maana ya pili, maana kughairi ni kuacha nia. Mradi kisibadilishwe na "Sitisha" katika dirisha linalofuata.

Miongozo ya Apple kwa Macintosh ilipendelea vitufe vyenye vitenzi mahususi, na ile ya Microsoft ya Windows Vista, mfumo uliofika kwa umma mwaka 2007, ikaelekea huko. Kwa Kiswahili, ushauri huo una uzito wa ziada: "Hifadhi", "Usihifadhi" na "Ghairi" hukwepa mtego wa "ndiyo" kabisa. Hata hivyo "Usihifadhi" ina utata wake, kwani msomaji aweza kudhani ni kompyuta inayomkataza. Katika swali, mashine humsemesha mtu. Katika kitufe, mtu huiamuru mashine. Kwa hiyo programu ichanganyayo "Kuhifadhi" katika kisanduku kimoja na "Hifadhi" katika kingine humwacha mtumiaji asijue ni nani anayesema.