Ijara ya Saa ya Kumi

Jani la chai lililochumwa asubuhi katika vilima vya Mufindi halimngojei mtu. Likishatengana na mche wake huanza kugeuka, na kiwanda kilicholipokea sharti kilinyaushe, kilisage, kilichachushe na kulikausha katika muda wa saa zilizo na kikomo, la sivyo thamani yake imekwenda. Kwa sababu hiyo, tangu mvua zinapokolea mwishoni mwa mwaka mpaka baridi ya Juni inapoudumaza mche, mitambo hunguruma laili na nahari, na watu wanaoihudumia, ambao mikataba yao yasema kazi huisha jioni, hujikuta wangali humo usiku wa manane wakiwa wamejifunga makoti juu ya sare zao. Jani lina haraka zake, na vivyo hivyo lori lililobeba shehena ya Zambia, na mgonjwa aliyeletwa usiku, na lango la ghala lisiloweza kuachwa wazi. Na popote penye kitu cha namna hiyo katika Nyanda za Juu Kusini, hapo pana mtu anayefanya kazi kupita saa zake.

Watu wa viwandani huziita saa hizo ovataimu, na kila mmoja ana lake la kusema juu yake. Yuko aombaye apangiwe, kwa kuwa karo za watoto zimefika, na yuko aombaye aachiwe aende zake, kwa kuwa shamba lake la mahindi linamngoja palizi siku ya Jumamosi. Walakini ukiwauliza wote wawili wanastahiki nini hasa kwa ile saa ya kumi ya kazi, majawabu hupingana. Na madhali sheria ipo na imeandikwa, yafaa tuifunue kwanza kabla ya kuingia katika mashamba, malindo na majumba ya watu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiriwa asifanyishwe kazi ya kawaida zaidi ya siku 6 katika juma, wala zaidi ya saa 45 katika juma hilo, wala zaidi ya saa 9 katika siku moja. Saa ya kumi haiwi halali ila kwa mapatano ya pande mbili. Na hata mapatano yakiwapo, saa za siku zisipite 12, wala zile za ziada zisipite 50 katika kila majuma 4. Ijara ya saa hizo isipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Anayefanya kazi katika siku yake ya mapumziko ya juma, au siku ya sikukuu ya taifa, hulipwa maradufu kwa kila saa. Na anayekesha kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 juu ya mshahara wa msingi wa kila saa, na iwapo saa zenyewe za usiku ni za ziada, asilimia hiyo hukokotolewa juu ya kile kiwango cha ziada.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa Sh. 195,000 kwa mwezi, ambao nimeuchagua kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: sheria huuhesabu mwezi kuwa ni majuma 4.333, na kila juma ni saa 45, kwa hiyo mwezi una saa 195, na saa moja ya mtu huyu ni Sh. 1,000. Saa yake ya ziada ni Sh. 1,500, ikiangukia usiku ni Sh. 1,575, ya sikukuu ni Sh. 2,000. Asikose kutambua, hata hivyo, kwamba kinachozidishwa ni mshahara wa msingi peke yake, na kwamba posho ya nyumba, ya nauli na ya chakula hazimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana mwajiri mjanja aweza kumpa mtu posho nene na msingi mwembamba, naye akafurahi hadi mwezi wa mavuno utakapofika.

Sheria hii si ngumu kwa kipimo cha dunia. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanywa Washington mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma katika viwanda, na ijara ya ziada isiyopungua mara moja na robo; majirani zetu wa Kenya, katika amri yao ya jumla ya mishahara, wana juma la saa 52. Kwa hiyo mimi sioni kwamba dosari iko katika kiwango. Dosari iko kwa yule anayeishika hesabu, maana sheria nzima imejengwa juu ya saa, ilhali kazi nyingi za nchi yetu hazijapata kupimwa kwa saa hata siku moja.

Turudi kwenye chai, safari hii nje ya kiwanda. Mtu wa mitamboni huingia kwa zamu, jina lake huandikwa, naye hutoka kwa zamu. Lakini mchumaji aliye kondeni hulipwa kwa kilo, na karani wake ni mzani. Majani yakiwa tele, huchuma tangu umande haujakauka mpaka magharibi, na wenziwe humwona kuwa amebahatika, kwa sababu kikapu chake kimepimwa mara nyingi. Pamoja na hayo, kilo aliyoichuma katika saa ya kumi, mgongo ukiwa umekwisha kumkaza na vidole vimelowa, ina bei ile ile ya kilo ya asubuhi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa analipwa kwa kilo, basi habari za saa hazimhusu. Si kweli: sheria yasema kuwa yule asiyelipwa kwa muda atahesabiwa kama mtu wa kulipwa kwa juma, na mshahara wake wa msingi utapatikana kwa mapato ya majuma 13 yaliyotangulia. Akiwa wastani wake ni Sh. 45,000 kwa juma, saa yake ni Sh. 1,000, na hapo ile nusu ya ziada yaweza kudaiwa, mradi ijulikane aliingia shambani lini na alitoka lini. Mzani haukuandika hayo. Na ikiwa kilo hazifiki, pana kima cha chini: amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwawekea watu wa mashamba Sh. 140,000 kwa mwezi, yaani, wakati huo, kama Sh. 718 kwa saa, na Sh. 1,077 kwa saa ya ziada.

Desturi hii ya kupima kazi badala ya muda ni ya zamani, na watu wa Njombe, Iringa na Tukuyu waliijua mapema kuliko wengi. Zama za Mwingereza, vijana wa nyanda hizi waliandikishwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge huko Tanga, na hasa baada ya mwaka 1944, wenye mashamba walipounda chombo chao cha kuwakusanya vibarua, kilichoitwa SILABU. Hao ndio manamba ambao simulizi zao zingalipo katika koo nyingi. Kazi yao iliandikwa katika kipande, kadi ya siku 30, na siku haikutiwa alama mpaka kazi iliyopimwa asubuhi imalizike. Shababi aliyeimaliza kabla ya adhuhuri alipata alama moja, na mgonjwa au mgeni wa kazi aliyeimaliza jua likitua alipata alama ile ile moja. Na aliyeshindwa kuimaliza, saa zake zote zilikwenda na maji. Katika nidhamu ya namna hiyo saa ya ziada haikuweza hata kutajwa, kwa kuwa hata saa ya kawaida haikuwapo.

Ingawa kipande kimekufa, roho yake imehamia kwenye lindo. Pita Mbeya mjini usiku, tangu Mwanjelwa mpaka Iyunga, na kila ghala, benki na kituo cha mafuta utakuta mlinzi aliyeingia saa 12 jioni, naye hatatoka mpaka saa 12 asubuhi. Yeye huhesabiwa malindo. Lindo la saa 12, mara 6 kwa juma, ni saa 72, yaani saa 27 kupita kiasi cha kawaida. Kwa majuma 4 ni saa 108, na ruhusa ya sheria ni 50. Lau mlinzi huyu angekuwa na ule mshahara wetu wa mfano, malipo ya saa zake za ziada, bila ya kuingiza nyongeza ya usiku, yangekuwa Sh. 162,000 kwa majuma 4, kiasi kinachokaribia mshahara wenyewe. Wenye makampuni husema kwamba mteja hakubali kulipia walinzi watatu wa saa 8, na hilo nalisadiki. Wateja hao ni sisi, tunaobembeleza bei ishuke kisha tukamlaumu mlinzi tukimkuta amesinzia.

Sheria imewafungulia wenye makampuni mlango halali, nao hautumiki ipasavyo. Kwa mapatano ya maandishi, mtu aweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, saa ya mlo ikiwa ndani yake, bila ya kudai ziada kwa siku hiyo, ila siku zisizidi 5 kwa juma, saa za kawaida zisizidi 45, na za ziada zisizidi 10. Siku 5 za saa 11 ni saa 55 barabara. Lindo la sita ndilo linalouvunja mpango huo. Na fauka ya hayo, mlinzi asiye na wa kumpokea hawezi kuliacha lango akaenda kula, na pumziko ambalo mtu hutakiwa kuwa tayari kwa kazi, kwa sheria hiyo hiyo, lazima lilipwe.

Madereva nao wana kipimo chao, ambacho ni safari. Toka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, na kati yake umo mlima wa Kitonga, ambapo lori moja likikwama huwafunga wengine kwa saa nyingi. Mbele yake iko Tunduma na foleni yake ya mpakani. Anayelipwa posho ya safari hulipwa ile ile, akifika leo au akifika kesho. Mikataba ya kazi ilikuwa miongoni mwa madai ya madereva walipogoma nchi nzima mwaka 2015, na tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, ile asilimia 5 ya usiku imekuwa jambo la kuulizwa na wao pia. Askari wa usalama barabarani anayewasimamisha hana hata cha kuuliza, kwa kuwa polisi, sawa na wanajeshi na magereza, hawamo katika vifungu vya saa za kazi vya sheria hii.

Hospitalini mambo huitwa kwa jina jingine. Daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au wa wodi za wazazi za Meta, halipwi saa ya ziada kwa mara moja na nusu. Hupewa posho ya kuitwa kazini, ambayo huwekwa na waraka wa serikali na ambayo ilikuwa miongoni mwa madai ya migomo ya madaktari ya mwaka 2012. Na yuko mwingine asiyepata kitu: meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Sheria imemtoa. Nimewasikia wasimamizi wakicheka kwa uchungu kwamba msimu unapopamba moto, fundi wao huondoka na bahasha nene kuliko yao.

Wamebaki walio wengi na wasiohesabiwa na mtu. Si siri kwamba nyumba nyingi za Dar es Salaam zimelelewa na mabinti wa Iringa, wanaoteremka na mabasi ya asubuhi wakiwa na begi moja na jina la shangazi wa kuwapokea. Binti wa namna hiyo huamka kabla ya alfajiri kuwaandalia watoto wa shule, na hulala baada ya mwenye nyumba kula. Humwita mwajiri wake mama, naye huitwa dada, na katika heshima hiyo ya kifamilia, ambayo mara nyingine ni ya kweli, nani atamwambia mama kwamba saa ya kumi imeingia? Sheria, hata hivyo, haikumbagua. Saa 45 ni zake pia, na siku nzima ya mapumziko katika juma ni yake. Amri ya 2023 ilimwekea anayelala kwa mwajiri kima cha Sh. 60,000 kwa mwezi, ambazo zilikuwa kama Sh. 308 kwa saa, na ile ya ziada Sh. 462. Akianza kazi saa 11 alfajiri na kuiacha saa 3 usiku, hata ukimtolea saa 3 za kupumzika, amefanya saa 13, ambazo zimepita kikomo cha siku hata kwa aliyekubali kwa hiari yake.

Kudai kunawezekana. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea mashauri ya namna hii mikoani, na shauri huanza kwa fomu iitwayo CMA F1. Katika sheria yetu mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuandika masharti ya kazi, saa za kazi zikiwamo. Na akishindwa kuyaleta maandishi hayo mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha kwamba sharti fulani lilikuwapo au halikuwapo huwa juu yake, wala si juu ya mlinzi au dada wa kazi. Kwa hiyo daftari la senti chache, lililoandikwa kila siku saa ya kuingia na saa ya kutoka, laweza kusimama mbele ya mwajiri asiye na karatasi yoyote. Lakini muda nao una kikomo: ukiacha shauri la kuachishwa kazi, ambalo hupewa siku 30, madai mengine sharti yafikishwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na anayechelewa hulazimika kwanza kuomba ruhusa kwa kueleza sababu. Binti wa Iringa aliyeko Dar es Salaam huweza kuzimaliza siku hizo 60 kabla hajapewa hata Jumapili moja ya kutoka nje kuuliza Tume iko wapi.